MREJESHO: Nguo na viatu vya kulala mahemani Uluguru wakati wa masika

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza nivae nini kwa siku tatu za kupiga kambi juu ya Morogoro, upande wa Morningside kwenye milima ya Uluguru, mvua za Aprili zikiwa zimekolea. Nimerudi salama, na nawashukuru sana.

Gambuti ndizo zilizoniokoa. Mlinishauri nichukue namba moja zaidi ili soksi nene iingie, na nikague soli iwe na meno marefu. Udongo mwekundu wa kule ukilowa unateleza kama sabuni. Mwenzangu mwenye raba za mazoezi alianguka mara nne siku ya kwanza. Ila kwenye mteremko mrefu gambuti hazishiki kifundo cha mguu, na zilinichubua kisigino. Safari ijayo nitabeba plasta.

Suruali ya jinzi niliiacha nyumbani. Nilivaa suruali ya poliesta ya mtumba, ililowa asubuhi na mchana ikawa imekauka mwilini. Sweta la sufu, la mtumba pia, liliendelea kunipa joto hata likiwa na unyevu. Fulana ya pamba niliyoing'ang'ania haikukauka siku zote tatu.

Aliyependekeza suruali ya jeshi, samahani kaka, hiyo sikuithubutu. Sare za jeshi raia haturuhusiwi kuvaa.

Kitu ambacho hakuna aliyenitajia: nguo za kulalia zifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, zisiguswe mpaka usiku. Begi langu lililowa lote, lakini nililala mkavu.