Bibi avuke saa ngapi?

*Kikundi: Watoto na Wajukuu wa Bibi*

Jumatatu usiku

Mama Mkubwa Zuhura: Assalaam alaykum wanangu, na wewe mdogo wangu Hamisi huko Kilwa Masoko. Nane Nane imepita, watu wa mabanda wameshaondoka Ngongo, Lindi imetulia. Sasa turudi kwenye ahadi. Bibi yenu kaniuliza tena leo baada ya magharibi: "Zuhura, Kilwa Kisiwani mnanipeleka lini?" Nimeona haya. Hii ni mara ya tatu anauliza.

Somoe: Waalaykumu salaam Mama Mkubwa, shikamoo. Kweli tumemchelewesha. Jana alikuwa anaitafuta kanga yake ya safari kwenye sanduku.

Kaka Rama: Shikamooni wakubwa. Mimi Ijumaa nashuka Nangurukuru. Nyie mtoke Lindi siku hiyohiyo, tulale kwa Mjomba, Jumamosi tuvuke. Wazo langu tuvuke alasiri, saa kumi hivi, tuwe kule jua linapozama. Nimeona picha za Gereza, ile ngome ya zamani, jioni zile kuta zinakuwa kama dhahabu. Nataka Bibi apigwe picha pale.

Fatu: Shikamoo shangazi. Kaka Rama mambo. Mimi naunga mkono jioni, hakuna jua kali.

Somoe: Nimeangalia programu ya maji kwenye simu. Jumamosi imeandika kupwa 10:06, kujaa 16:15.

Fatu: Saa kumi maji yanakauka?? Basi jioni haifai.

Somoe: Hapana mdogo wangu, hiyo 10:06 ni saa nne na dakika sita asubuhi. Ya 16:15 ndiyo saa kumi na robo alasiri.

Kaka Rama: Kumbe saa kumi maji yamejaa! Basi saa yangu ndiyo yenyewe. Mjomba tupangie boti.

Somoe: Mjomba hajasoma bado. Atakuwa baharini.

Jumanne asubuhi

Mjomba Hamisi: Marahaba wote. Dada Zuhura shikamoo. Nilikuwa kwenye nyavu, nimerudi alfajiri. Naandika taratibu, mnivumilie.

Jumamosi mwezi angani ni wa kumi na tano, kwa hiyo ni bamvua, yaani maji makubwa. Huku kwetu bamvua ina saa zake, na hazihami sana: maji yanakauka kwenye saa nne, asubuhi na usiku, na yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri. Simu ya Somoe imesema kweli. Na bamvua maji yanashuka hasa, toka juu mpaka chini ni zaidi ya mita tatu. Ukifika upande wa pili saa nne asubuhi, boti inaishia mbali, mnashuka kwenye tope na mawe yenye chaza, mnatembea mpaka ufukweni. Kijana atatembea. Mama hatatembea, goti lile mnalijua.

Rama, kwenda saa kumi umepatia. Maji yamejaa, boti inafika juu kabisa. Hofu yangu ni kurudi. Sasa hivi ni Kusi, upepo wa kusini. Asubuhi upepo ni mdogo, lakini nchi ikishapata moto mchana unazidi, na alasiri ndiyo unakuwa mkali. Maji yakishajaa saa kumi yanaanza kutoka, na ya bamvua yanatoka kwa nguvu. Yakitoka mkondoni yakakutana na Kusi inayoingia, bahari inasimama. Mawimbi yanakuwa mafupi mafupi, yanapiga boti, watu wote wanalowa. Tena kabla ya saa kumi na mbili na nusu jua limezama. Mama yangu mimi simvushi gizani bahari ikiwa hivyo. Kwa hilo msinibembeleze.

Mama Mkubwa Zuhura: Ahsante Hamisi kwa kusema waziwazi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavutiwa na jioni.

Kaka Rama: Nimekuelewa Mjomba. Basi tuondoke mapema sana. Saa moja asubuhi maji si bado yapo nusu?

Mjomba Hamisi: Yapo. Saa moja tunafika vizuri. Lakini kuanzia saa mbili na kitu huwezi kutoka tena mpaka maji yapande, yaani saa saba hivi. Mama akae kule saa sita nzima, na saa sita mchana mle magofuni jua linachoma, mawe yenyewe yanatoa joto. Wageni wengine wanakaa hivyo na wanafurahi. Kwa mtu wa umri wake ni mateso.

Niwaambie jambo. Mwaka jana nilivusha mzee mmoja na wanawe siku ya bamvua. Walitaka kutoka hapa saa tatu na nusu kwa sababu walichelewa kunywa chai. Nilijua maji yanakwenda kukauka, nikanyamaza kwa kuwa walikuwa wageni na nilitaka ile hela. Boti ikakaa juu ya mchanga. Yule mzee akashuka, akateleza, chaza wakamkata nyayo. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku ile mtu akiniuliza tuvuke saa ngapi, nauliza kwanza mwezi angani una siku ngapi.

Somoe: Pole Mjomba. Hatukujua.

Kaka Rama: Pole sana Mjomba. Lakini mimi kazini nimepewa hii wiki tu. Kama shida ni lile tope, nitambeba Bibi mgongoni. Tuvuke saa tatu, nambeba kwenda, tukirudi nambeba tena. Bibi ni mwepesi.

Fatu: Na mimi nitashika mwavuli.

Mama Mkubwa Zuhura: Hamisi, na ile Jumamosi inayofuata je?

Mjomba Hamisi: Dada, hiyo ndiyo niliyotaka mniulize. Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Zidisheni kwa siku saba, inakaribia saa sita kamili. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, mwezi 22, mambo yamegeuka: maji yanajaa kwenye saa nne asubuhi. Tena ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana, mkondo umelala. Tukitoka Masoko saa mbili, maji yanapanda, Kusi bado haijaamka. Kwa boti ya mashine ni kama robo saa tu. Tunatembea mpaka saa tano, tunarudi maji bado yapo, adhuhuri tunaswali hapa nyumbani. Mama anashukia pakavu.

Somoe: Hapo nimeona picha yote.

Kaka Rama: Na magofu ya Songo Mnara tungeunganisha siku hiyohiyo?

Mjomba Hamisi: Hapana. Kule ni mbali zaidi, na kuingia kwake ni mikokoni, kunataka maji yake na siku yake. Njoo mwakani nikupeleke.

Jumanne jioni

Somoe: Nimemsomea Bibi ujumbe wote, wa kila mtu. Amesikiliza mpaka mwisho. Amerekodi sauti dakika tatu lakini mtandao unasumbua, haipandi. Naandika maneno yake kama alivyosema:

"Hamisi mwanangu, umenena. Baba yangu alikuwa hivyohivyo, anatoka nje alfajiri anatazama mwezi, ndipo anasema leo tunavuka au hatuvuki. Mara ya mwisho kwenda Kisiwani nilikuwa na mimba ya Zuhura. Tulikwenda kwa mashua ya tanga, nikashuka mwenyewe na kikapu kichwani. Rama mjukuu wangu nakushukuru, una mapenzi. Ila mgongoni sipandi. Nimebebwa hospitali, inatosha. Kisiwani nilishuka kwa miguu yangu, na safari hii nitashuka kwa miguu yangu, hata ikiwa polepole. Nataka nikae pale Gerezani niitazame Masoko kwa ng'ambo, niuone ule ufuko tuliokuwa tunaanikia dagaa. Halafu nipelekwe msikitini. Hayo mengine ni yenu."

Mama Mkubwa Zuhura: Nimelia.

Mjomba Hamisi: Mama amemaliza.

Fatu: Bibi jamani 🙏🏾

Kaka Rama: Bibi nisamehe. Sikufikiria hivyo, niliwaza goti tu. Kesho namwona msimamizi wangu.

Jumatano mchana

Kaka Rama: Amekubali. Kuna mwenzangu alikuwa anaenda likizo wiki ijayo, tumebadilishana. Tiketi ya basi nimesogeza mbele. Nashuka Nangurukuru Ijumaa ijayo, inshallah.

Mama Mkubwa Zuhura: Alhamdulillah. Mwenyezi Mungu akulipe mwanangu, na huyo mwenzio pia.

Kaka Rama: Mama, nina swali moja la picha na ninauliza kwa nia njema. Saa tatu asubuhi Gereza haliko kivulini?

Mjomba Hamisi: Haliko. Mwezi huu wa nane jua linapita upande wa kaskazini mwetu. Ule ukuta unaotazama Masoko unatazama kaskazini, kwa hiyo unapata jua toka asubuhi hadi jioni. Ungekuja Desemba ndipo ungeukuta na kivuli mchana, kwa sababu jua linakuwa limehamia kusini.

Kaka Rama: Sikuwahi kuliwaza hilo hata siku moja.

Mama Mkubwa Zuhura: Na mle msikitini asubuhi ni pazuri kuliko jioni, hili nalisema kwa macho yangu. Jua likiwa bado chini linaingia kati ya nguzo, kila tao linalaza kivuli chake sakafuni. Nimepeleka wanafunzi pale mara mbili. Mara ya kwanza tulifika saa saba mchana, watoto wakajibanza kwenye kivuli wanaomba maji, hakuna aliyenisikiliza. Mara ya pili tulifika saa tatu, wakauliza maswali mpaka nikakosa sauti. Mwalimu yuleyule, somo lilelile.

Fatu: Shangazi, kwa muda huo wa saa tatu tutaona vyote? Mimi nimeishi Masoko maisha yangu yote na Husuni Kubwa sijafika.

Mama Mkubwa Zuhura: Hujafika! Basi sikiliza. Bibi, mimi na Somoe tutaanzia Gerezani, tutakaa hapo kadiri anavyotaka, halafu msikiti mkuu, ambao haupo mbali. Wewe na Rama mkishuka tu mwende Husuni Kubwa kwanza, kabla jua halijapanda, maana ni mwendo wa zaidi ya kilomita moja kuelekea mashariki. Mkirudi mtatukuta msikitini.

Husuni Kubwa ni jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, karne ya 14. Vyumba zaidi ya mia, na kuna birika la pembe nane. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 wakati wa sultani huyo, akausifu kuwa ni katika miji mizuri kabisa. Dhahabu ya Sofala ilikuwa inapitia hapa, na Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe. Gereza lenyewe ni la baadaye: Wareno walijenga ngome pale mwaka 1505, Waomani wakaja kuijenga upya. Mwaka 1981 magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yakaingizwa katika urithi wa dunia. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa.

Na Fatu, usidhani haya ya kungoja maji na upepo ni ya baba yako peke yake. Mji wote ule uliishi hivyo. Majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuja na upepo wa Kaskazi, yakangoja Kusi ndipo yarudi. Mfanyabiashara tajiri mwenye shehena ya dhahabu alikaa Kilwa miezi, hana la kufanya, mpaka upepo ugeuke. Sisi tumesogeza wiki moja.

Fatu: Nitaandika haya kwenye daftari.

Mjomba Hamisi: Kibali cha kuingia Kisiwani nitakata hapa Masoko Ijumaa mapema, ili Jumamosi asubuhi tusisimame ofisini maji yakatuacha. Nipeni majina kamili ya watu wote. Majaketi ya kujiokolea ninayo saba. Kila mtu atavaa, hata mimi.

Somoe: Mimi na Mama Mkubwa tutaleta maji ya kunywa, kofia na kiti kidogo cha kukunja cha Bibi. Na ming'oko, vile viazi vya porini. Bibi amesema hafiki Masoko bila ming'oko ya Lindi, amemtuma mtoto wa jirani sokoni.

Mjomba Hamisi: Hapo mmenena. Mke wangu atapika pweza wa nazi, tuje tule tukirudi.

Kaka Rama: Kwa hiyo tunatoka nyumbani kwa Mjomba saa ngapi? Niandikieni kwa saa ya kwetu, nisije nikasoma simu vibaya.

Mjomba Hamisi: Saa moja na nusu asubuhi tunatoka nyumbani. Saa mbili boti inaondoka. Atakayekuwa bado anakunywa chai atatutazama kutoka ufukweni. Nasema kwa mapenzi.

Mama Mkubwa Zuhura: Hamisi, jambo moja linanikera moyoni. Hata kama maji yamejaa, ule ubavu wa boti una kimo. Mama atashukaje?

Mjomba Hamisi: Nimeshaliwaza dada. Ngoja kesho maji yakijaa.

Alhamisi alasiri

Mjomba Hamisi: Nimeazima stuli ya mbao kwa fundi seremala, pana, miguu minne, haiyumbi. Nimeijaribu ubavuni mwa boti maji yakiwa juu. Mke wangu amesimama ndani ya boti, akaweka mguu kwenye stuli, akaweka mchangani, bila kuruka. Mguu wake haukufika kwenye maji. Nimemrudisha tena mara tatu, nikishika mkono mmoja tu. Mama atashuka mwenyewe.

Somoe: Nimemwambia. Ameniuliza ile stuli ina rangi gani.

Mjomba Hamisi: Haina rangi. Ya mninga.

Somoe: Amesema sawa.