Binti yangu anajikata mikono, naombeni ushauri kabla ya Jumatatu

Mama Wawili: Habari wadau. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu. Joto hili la Dar yeye kavaa sweta. Nikamvuta mkono, nikaona makovu. Kuna wanaoniambia maombi, kuna wanaosema mwanasaikolojia. Nianzie wapi?

Kisiki: Simu zimewaharibu hawa. Sisi tulichapwa, tukanyooka.

Bint Lindi: Pole dada. Jumatatu kuna nini?

Mama Wawili: Nampeleka bweni, Morogoro. Ada nimeshalipa, kule kuna nidhamu. Na nilimchapa, nisiwafiche. Akaniambia, "Mama, mkono ukiuma kifua kinatulia." Msinihukumu, nalea peke yangu.

Mpiga Zumari: Mdogo wangu alikuwa hivyo hivyo. Tulimpeleka kuombewa, chupa tatu za mafuta zikaisha, sweta hakuvua.

Nahodha: Hii chai. Mama gani anaona makovu ya mwanawe halafu anakuja kufungua uzi?

Muuguzi Mstaafu: Hata ikiwa chai, humu wapo wanaosoma wakiwa wamefunika mikono. Mama, shika hilo neno la kifua. Wengi wanaojikata wanatafuta kutuliza moyo, si kufa. Ila hatari ya kujiua ipo, kwa hiyo muulize waziwazi. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Vitu vyenye makali viweke mbali, bila kelele.

Kuna tiba ya mazungumzo inaitwa DBT, inamfundisha mtu kutuliza hisia kali bila kujiumiza. Aliibuni Marsha Linehan wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, na mwaka 1991 akachapisha matokeo yake kwa wanawake waliokuwa wakijiumiza. Mwaka 2011 akasema hadharani kwamba ujanani hata yeye alijiumiza. Kila wiki mgonjwa anakaa na mtaalamu wake, wanarudi nyuma hatua kwa hatua hadi pale alipojiumiza: nani alisema nini, mwili ulihisi nini, mkono ukafanya nini. Halafu kuna kikundi cha kujifunza stadi, kama kuzamisha uso kwenye maji baridi wimbi la hisia likipanda. Anzia idara ya magonjwa ya akili, Muhimbili. Ukimpeleka bweni sasa, nani atamwona usiku?

Mama Wawili: Nahodha, sina nguvu ya kutunga. Bweni nililichagua kwa mapenzi, mjue hivyo.

Bint Lindi: Yeye umemuuliza?

Mama Wawili: Nimetoka chumbani kwake sasa hivi. Nimemwomba radhi kwa ile fimbo. Hakujibu, ila alisogea ukutani, nikapata pa kukaa. Jumatatu tunakwenda Muhimbili. Ada nitaidai.