Naomba ushauri: mrija wa mkojo umepita nyuma ya mshipa wa damu

Habari zenu wakuu, mdogo wangu anaumwa ubavu wa kulia, maumivu yanakuja yanapotea, ultrasaundi ikaonyesha figo imevimba tukajua ni mawe tu, kumbe siti skani imeonyesha mrija unaoshusha mkojo toka kwenye figo umepita nyuma ya ule mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, umejikunja kama ndoano na kubanwa, eti kazaliwa nao hivyo. Dawa zinatuliza tu. Daktari anataka aukate, auhamishie mbele ya mshipa na kuuunga upya kwa kutumia matundu madogo, kisha stenti (kimrija chembamba cha kuwekwa ndani ili mkojo upite wakati maungio yanapona) ikae wiki kadhaa.

Kwa waliopitia hii, maungio ya matundu yanashika sawa na ya kupasua kawaida? Na hiyo stenti inasumbua kiasi gani kwenye kukojoa?