Mzembe akiokolewa mlimani, ankara apewe nani?

kamba_ndefu (swali)
Wakuu, habari. Mtu karuka kizuizi cha njia iliyofungwa, hana taa wala koti la mvua, giza likiingia anapiga simu ya dharura. Helikopta inaruka, watu wanakesha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa, lakini matibabu ya guu hilo analipia mlipakodi. Kwa nini asidaiwe? Na akidaiwa, uzembe unapimwa vipi?

dira_kaskazini
Jimbo la New Hampshire, Marekani, linadai. Mwanzoni sheria ilihitaji ithibitike kwamba mtu alijihatarisha huku akijua. Tangu 2008 uzembe wa kawaida unatosha. Kipimo ni kile ambacho mtu mwenye busara angefanya katika mazingira yale. Kuna orodha ya vitu kumi vinavyotangazwa kwa wapandaji: ramani, dira, nguo za joto, chakula na maji ya ziada, taa, kiberiti, vifaa vya huduma ya kwanza, filimbi, nguo za mvua na kisu. Ukikutwa huna hata taa, utetezi wako unakuwa mgumu.
Mwaka 2015 wakaongeza kadi ya hiari, dola 25 kwa mtu mmoja na 35 kwa familia. Mwenye kadi hadaiwi kwa uzembe, ila aliyejihatarisha kwa makusudi kadi haimwokoi.

machela_sita
Ubaya wa ankara ni kwamba inasogeza mbele saa ya kupiga simu. Kifundo kikiteguka saa nane mchana na hewa ni safi, hiyo kazi ni ndogo. Mwenye kifundo akiogopa deni atajikongoja hadi saa tatu usiku. Hapo simu imezimika kwa baridi, nguo zimelowa, na joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 32 hivi hata kutetemeka hukoma, naye anaanza kuongea ovyo. Ukungu ukishuka helikopta hairuki, inabaki machela. Machela kwenye njia ya mawe inataka wabebaji sita kwa zamu, wakipokezana kila baada ya dakika chache, kwa hiyo andaa watu 18 au zaidi. Deni limezidisha gharama ile ile lililokusudiwa kuifidia, na sasa waokoaji wenyewe wako hatarini gizani. Ndiyo maana chama cha waokoaji wa milimani cha Marekani, Mountain Rescue Association, kinapinga kuwatoza watu.

bahari_kuu
Baharini mjadala huu karibu umefungwa. Mkataba wa 1979 wa utafutaji na uokoaji unataka aliye hatarini asaidiwe bila kujali ni nani wala alifikaje hapo, na ule wa 1989 wa kuokoa meli na mali baharini unasema aliyeokolewa hadaiwi malipo kwa uhai wake. Mali ndiyo inayolipiwa. Walinzi wa pwani wa Marekani hawatozi. Anayetuma ishara ya uongo ni habari nyingine: kifungo hadi miaka 6, faini hadi dola 250,000, juu yake gharama zote za msako. Hiyo adhabu naiunga mkono kwa mikono miwili.
Nyongeza kwa wenye vifaa vya 406 MHz, vile vinavyotuma ishara ya dharura kwa setilaiti: visajilini. Kikiwaka kwa bahati mbaya, kituo kinapiga simu kwa namba uliyosajili na msako unasitishwa. Kisiposajiliwa, watu wanatoka.

karabina
Bima ndiyo njia ya kati. Uswisi helikopta inalipiwa, na wengi wana bima au uanachama wa shirika la uokoaji. Ila someni masharti: kuna bima zinazokomea kimo fulani, zinazolipa uokoaji lakini si utafutaji (na utafutaji ndio unaokula saa nyingi), na zinazotaka kibali chao kabla helikopta haijaitwa.

kamba_ndefu
Nimeelewa, mkuu machela_sita. Kwa hiyo faini iwe kwa kuruka kizuizi, si kwa kuomba msaada?

machela_sita
Ndiyo, na itolewe na mamlaka ya hifadhi baadaye, si na kikosi cha uokoaji. Mwokoaji anahitaji majibu ya kweli: mko wangapi, mlipita wapi, umekunywa dawa gani. Akionekana kama anayekusanya ushahidi, majeruhi ataficha kwamba mwenzake alishuka upande uliofungwa, na huyo mwenzake hatatafutwa mpaka asubuhi.