Naomba ushauri: saa ya ukutani yenye umbo la usukani wa meli itundikwe wapi?

Mpenda Shaba: Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimepata saa ya shaba iliyozungushiwa usukani wa mbao, na uso wake una vipande vinne vya rangi, viwili vyekundu na viwili vya kijani. Muuzaji anasema ilitoka katika chumba cha redio cha meli ya mizigo, na kwamba hugonga kengele za zamu. Je, inafaa sebuleni au ukumbini? Siku zimebaki chache, na nina wasiwasi.

Mama Watatu: Kwanza ulizia kama kengele huzimika. Yetu hugonga kila nusu saa, ikiongeza pigo moja hadi kufika nane, kisha huanza upya. Nane hizo huangukia saa kumi, saa mbili na saa sita, usiku na mchana. Mtoto wangu mchanga alikuwa akishtuka kila mara, mpaka tulipoihamishia ukumbini.

Fundi Saa: Usiisugue kwa dawa ya kung'arishia, kwani shaba nyingi za mapambo zimepakwa vanishi, na ikichubuka hubaki mabaka. Lakini siku zimebaki chache kwa jambo gani?

Mpenda Shaba: Ni zawadi ya baba mkwe, ambaye alifanya kazi melini hadi alipostaafu. Kadi nimeshaiandika, na inaeleza kwamba saa hii imesafiri baharini.

Mzee wa Baraza: Mwanangu, mkwe huheshimiwa kwa ukweli kabla ya zawadi. Usimwandikie jambo usilolishuhudia.

Fundi Saa: Alikuwa na kazi gani melini?

Mpenda Shaba: Alikuwa mwendesha redio.

Msomaji Makini: Samahani, nashuku kisa hiki kimetungwa. Sijapata kuona saa ya chumba cha redio inayogonga kengele, kwa maana rangi zile ziliwekwa ili watu wanyamaze: katika dakika tatu za kila kipande, waendesha redio waliacha kutuma na kusikiliza iwapo kuna chombo kinachoomba msaada. Tena, kama saa ni ya mkwe, kwa nini unauliza pa kuitundika? Hebu tuambie vipande vyekundu viko wapi.

Mpenda Shaba: Kisa ni cha kweli. Niliuliza kwa sababu mimi ndiye nitakayeitundika kwake. Vyekundu viko kwenye namba 12 na namba 6, na nyuma kuna nafasi ya betri moja, jambo ambalo kwangu si kasoro, kwa kuwa mashine inaweza kubadilishwa.

Msomaji Makini: Basi naondoa shaka juu yako, ila saa ni ya mapambo. Vyekundu vilikuwa vya masafa ya kilohezi 500, kuanzia dakika ya 15 hadi 18 na ya 45 hadi 48. Kwenye 12 na 6 huanzia vya kijani, vya kilohezi 2182. Mtu aliyeishi na saa hiyo atagundua kabla hujashuka ngazini.

Mpenda Shaba: Siirudishi, kwa sababu mama mkwe ameshaona picha yake na ameipenda. Kadi nitaiandika upya bila habari za safari.

Fundi Saa: Ni vyema. Usukani wa mbao ni mzito, kwa hiyo toboa ukuta na utumie skrubu, usitegemee msumari. Pia iweke mbali na jua la dirishani, lisije likapausha rangi.