Nina leseni ya bastola, duka la wanachama limekataza silaha. Nifanyeje?

Mzee wa Dagaa (Kigoma)

Wakuu, shikamooni walionizidi umri, wengine habari za mihangaiko.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa na mawese, nakaa Mwanga. Alfajiri nashuka Kibirizi kuwahi mitumbwi, mchana nafuata mawese Mwandiga. Bastola ninayo kihalali. Nilianzia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikapanda hadi kamati za ulinzi na usalama, maswali niliyoulizwa huko hata mkwe wangu hakuniuliza siku ya posa. Niliiomba kwa sababu ya barabara ya Kasulu na Kibondo, enzi zile basi haliondoki bila askari mwenye bunduki ndani. Watu wa Kigoma mnaelewa. Watu wa Dar msianze.

Sasa hapa mjini kuna duka la jumla la wanachama, jina silitaji. Unajaza fomu, unalipa kiingilio, unapewa kadi, basi unga, sukari na sabuni unachukua kwa bei nzuri. Juzijuzi wamebandika karatasi getini: silaha marufuku ndani, iwe na leseni isiwe nayo, isipokuwa askari aliye kazini. Nikarudi nyumbani kufukua fomu yangu. Kipengele kipo, na sahihi yangu ipo chini yake: mwanachama atafuata taratibu zote za duka.

Getini hakuna mashine. Kuna mzee mmoja ana rungu na koti la mvua mwaka mzima. Hakupapasi. Anakutazama usoni anauliza, "Baba, una mguu wa kuku?" Yaani bastola. Ukisema huna, anafungua geti, anakukaribisha, anakuulizia na watoto.

Yangu ni ndogo, inakaa ndani ya shati, mtu haoni. Rafiki yangu ananiambia sema huna, pita, leseni kakupa serikali, duka ni nani? Mimi roho inakataa. Yule mzee namwamkia kila siku, leo nimtazame machoni nimwambie sina? Na nikisema ninayo, naiweka wapi? Nimekuja na bodaboda.

Wenye uzoefu nisaidieni. Tusi sitaki, nina la kutosha kutoka kwa wateja.

Mama Vitenge

Mimi nawaunga mkono hao wenye duka. Niliwahi kuwa kwenye foleni mahali, mbele yangu baba mmoja kainama kunyanyua kiroba cha sukari. Shati likapanda mgongoni, kitako cha bastola hicho, cheusi, kimebanwa na mkanda. Dada wa kaunta akaacha kuhesabu chenji mikono ikiwa hewani. Nyuma yangu mtu akasema kwa sauti ya chini "jambazi", na hilo neno lilikimbia kuliko sisi. Nilijikuta nje na kandambili moja.

Huenda alikuwa na leseni kama wewe, kaka yangu. Nani aliiona? Tulichoona ni kitako.

Kamanda Ujiji

Mnamtisha bure. Jambazi hasomi karatasi za getini. Mnamvua silaha mtu aliyepitia kamati zote, mnamwachia asiyejua hata ofisi ya OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, iko wapi. Siku duka likivamiwa huyo mzee atawapiga kwa koti la mvua? Mimi ningejibu "sina" na ningepita.

Mzee wa Dagaa

Kamanda, hoja ya jambazi naielewa, na kama kungekuwa na mkutano wa wanachama ningeisema wazi kwa kunyoosha mkono. Ila hiyo ni hoja ya kubadilisha taratibu. Haijibu nimwambie nini mzee wa getini kesho asubuhi.

Mtoto wa Gungu, Houston

Shikamoo mzee wangu. Hilo swali lako huku Texas tunaishi nalo.

Huku tangu Septemba 2021 mtu wa miaka 21 na kuendelea, kama sheria haimzuii kumiliki, anatembea na bastola hata bila kibali. Ndiyo, bila kamati. Pamoja na uhuru wote huo, kuna Costco, maghala makubwa ya bei ya jumla. Huingii bila uanachama, unalipa ada kila mwaka, kadi unaionyesha mlangoni. Na sera yao ni kwamba silaha haziingii, isipokuwa za maafisa wa vyombo vya sheria. Kila mara kuna mtu anakuja juu: "Katiba inanipa haki!" Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2022 ilikubali kweli kwamba mtu ana haki ya kubeba silaha nje ya nyumba yake kwa kujilinda. Lakini anayebanwa na hukumu hiyo ni serikali. Mwenye duka binafsi bado ana mlango wake.

Texas wameliweka hadi kwenye vipimo. Mwenye eneo akitaka kumzuia hata mwenye kibali asiingie na bastola iliyofichwa anabandika tangazo la kifungu 30.06, iliyo wazi ni 30.07, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue urefu wa inchi moja. Ukilipita, umevunja sheria. Kuna majimbo mengine ambako karatasi peke yake haikutii hatiani, ila ukiambiwa toka ukagoma, hapo ni kosa la kung'ang'ania kwenye mali ya mtu.

Kamanda, kuhusu kusema "sina" nakupa tukio moja. Julai 2010, Las Vegas, kwenye duka la Costco, wafanyakazi walipiga simu polisi kuhusu mteja mwenye bastola. Alikuwa na kibali cha kuibeba. Watu wakatolewa nje, naye akatoka katikati yao, na polisi wakamuua kwa risasi pale mlangoni. Uchunguzi ulisema polisi walikuwa na haki, familia yake haikukubali, na watu wanabishana mpaka leo. Mimi ninachokiona pale ni kwamba kibali kilikuwa mfukoni na bastola ilikuwa mwilini, na polisi waliitikia kile walichokiona.

Na usidhani gari ni dawa. Huku bastola nyingi zinaibwa ndani ya magari, mtu kaiacha kwenye droo ya mbele akaenda kununua maziwa. Mimi nikijua naenda Costco, inabaki nyumbani kwenye kasiki. Nikipitia huko ghafla kutoka kazini, nina kisanduku cha chuma kilichofungwa kwa kebo kwenye nguzo ya kiti, na hata hivyo sikai dukani muda mrefu. Kuku wa kuoka, maji, natoka.

Wakili wa Chini ya Mwembe

Kwa upande wa nyumbani nitasema kifupi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inahusu wewe na dola: nani amiliki na kwa masharti gani. Haimlazimishi mwenye duka kukupokea ukiwa nayo. Ukisema uongo getini, duka lina fomu yenye sahihi yako, kadi inaweza kwenda.

Kubwa zaidi ni hili, maana naona mtu atashauri: usimwachie mzee wa getini akushikie. Wala bodaboda, wala dada wa M-Pesa wa jirani. Leseni ni ya jina lako. Silaha ikiwa mkononi mwa asiye na leseni, mmeingia matatani wote wawili, na yule mzee atakuwa ameponzwa na heshima yake kwako.

Swali langu: kama bastola ni ya kulinda fedha taslimu, dukani unaenda nazo kwa nini? Hawana lipa namba?

Mzee wa Dagaa

Lipa namba wanayo, wakili. Kinachonibana ni Kibirizi. Mwenye mtumbwi saa kumi na moja alfajiri anataka noti, kidole kimelowa, hataki kusikia habari za simu. Kwa hiyo natoka kule na chenji nyingi na bastola, na duka liko njiani kabla ya kwangu. Ndiyo maana nilikuwa napitia moja kwa moja.

Nimeamua hivi. Kutoka Kibirizi naenda kwanza Mwanga, nafungia chuma na pesa, nakunywa chai, ndipo nashuka dukani na simu tupu. Nauli ya boda inaongezeka, nimelalamika, mke wangu kasema hata sukari ya kwenye hiyo chai ni ya bei ya jumla, ninyamaze.

Houston, asante sana kijana wangu, hilo la Las Vegas nimemsomea yule rafiki yangu, hajajibu bado. Mama Vitenge, pole na kandambili.

Kamanda Ujiji, kadi unayo? Nipe orodha nikuchukulie sukari yako, wewe tusubiri ng'ambo ya barabara na mguu wako wa kuku.

Kamanda Ujiji

Viroba viwili. Na sabuni ya mche. Pesa nakutumia kwenye simu.