Tupeane uzoefu: Kuchongesha kadi na tagi za kuingilia jengoni

Mama Upanga (mtoa mada)
Wakuu, habari za saa hizi. Ghorofa tunayopanga, geti la chini na lifti vyote ni kwa kadi. Tulipewa kadi mbili, na sisi tuko watano pamoja na dada wa kazi. Kadi ya ziada kwa meneja wa jengo ni elfu hamsini, halafu usubiri mpaka "mtu wa mfumo" apatikane. Kariakoo naambiwa mafundi funguo wanatoa kopi kwa elfu kumi, na unaondoka nayo palepale. Aliyewahi kutoa kopi aseme ilimwendeaje. Ilifungua? Ilidumu? Kuna aliyeingia matatani? Nadharia sitaki, nataka yaliyowakuta.

Fundi Msimbazi
Dada, hiyo ndiyo kazi yangu, pembeni ya kuchonga funguo za kawaida. Nikupe ninayowaambia wateja kabla sijapokea hela.

Kadi za kilohezi 125 (hayo ni masafa ya redio ambayo kadi inatumia), ambazo ndizo nyingi mjini, hazina siri yoyote ndani. Hazina hata betri. Ukiisogeza kwenye kile kiboksi cha mlangoni, koili iliyo ndani ya kadi inapata umeme kutoka kwenye kiboksi chenyewe, na kadi inaanza kutaja namba yake. Haiulizi anayesikiliza ni nani. Kimashine changu kikiwekwa karibu kinaisikia namba hiyohiyo, kinaiandika kwenye tagi tupu yenye chipu ya T5577, na mlango hauoni tofauti. Dakika haiishi.

Aina ya pili ni ya megahezi 13.56. Hapo inategemea chipu. MIFARE Classic nyingi zinatoka, ila mashine inakaa muda ikitafuta funguo za siri za kila sekta, yaani kila sehemu ya kumbukumbu ya kadi, na bei inapanda. Zenye DESFire, chipu ambayo kopi yake haitoki, namrudishia mwenyewe kadi yake, simpotezei muda.

Kujua yako ni ipi: washa NFC kwenye simu (ile ya kusoma kadi kwa kugusisha), bandika kadi mgongoni mwa simu. Simu ikilia au ikionyesha chochote, ni 13.56. Ikinyamaza kabisa, basi karibu hakika ni 125, maana simu zetu hazisikii masafa hayo.

Mkazi wa Kileleshwa
Fundi amesema vizuri lakini kuna kitu hakugusia. Hapa kwetu Nairobi nilitoa kopi ya tagi ya lifti Luthuli Avenue ili mimi na mke wangu kila mtu awe na yake.  Asubuhi mke akashuka na ile orijino, mimi nikafuata na kopi, lifti ikakataa. Nikashuka ngazi, nikajua nimeuziwa takataka. Usiku nikajaribu tena: kopi imekataa, orijino inakubali. Tukarudi kwa fundi, akaisoma orijino upya, akaandika upya. Safari hii mimi ndiye niliyetangulia kuitumia, na orijino ya mke ndiyo ikafa! Hapo keateka, mwangalizi wa jengo, akaanza kutuuliza maswali.

Aliyenifafanulia ni kijana aliyekuja kufanya sevisi ya lifti. Kwenye mifumo ya namna hiyo, kila ukigusa, rida (kile kiboksi cha mlangoni) inaandika namba mpya ndani ya kadi na kuikumbuka. Kadi mbili zenye asili moja zikitumika kwa kupokezana, ile iliyobaki nyuma inabeba namba iliyokwisha muda. Kwa hiyo si kwamba fundi alikosea. Mfumo ulijua kuna watu wawili wanaojiita mtu mmoja. Tulilipia ya pili kwa menejimenti, roho inauma lakini tukalipa.

Fundi Msimbazi
Hiyo ninaijua, na iko nyingine mbaya zaidi. Kuna rida zinazotuma amri ya kuandika kwa kila kadi inayosogezwa. Kadi halisi ya EM, ile ya kawaida ya 125, haiandikiki, kwa hiyo haidhuriki. T5577 inaandikika, basi inavurugwa palepale. Mteja anarudi akilia kopi imekufa siku ya pili. Tunaweza kuifunga tagi baada ya kuandika, lakini si kila kimashine cha bei rahisi kina uwezo huo. Na vile vya bei rahisi vina tabia nyingine: vinaweka nywila yao kimyakimya kwenye tagi, hivyo ukiipeleka kwa fundi mwingine airudie, inamgomea. Usimlaumu.

Mama Upanga
Simu yangu imenyamaza kabisa, kwa hiyo ni hiyo 125. Hii hapa picha ya kadi yenyewe, mbele na nyuma. Kuna namba zimechapwa nyuma, sijui ni za nini.

Mtu wa Mitandao
Dada, ondoa picha hiyo sasa hivi, soma baadaye. Hizo tarakimu kumi ndizo kadi yenyewe. Yale makundi mawili yaliyotengwa kwa mkato, tarakimu tatu kisha tano, ni namba ileile imeandikwa kwa namna nyingine: la kwanza halizidi 255, la pili halizidi 65535, kwa sababu rida nyingi hutuma biti (zile 0 na 1 za kompyuta) 8 na biti 16 tu kwenda kwenye mfumo. Mwenye kimashine hahitaji kuishika kadi yako. Anazichapa tarakimu hizo na anaingia mlangoni kwako kwa jina lako. Wafanyakazi wanaovaa kadi zao shingoni kwenye daladala, upande wa namba ukitazama nje, nao wajifikirie.

Mama Upanga
Nimeitoa. Mungu wangu.

Msimamizi wa Jengo
Ngoja niseme upande wetu, maana hapa sote tunaonekana wezi wa elfu hamsini. (Na ni kweli hiyo bei ni ya kukomoa. Tagi ya jumla haifiki hata karibu na hapo.)

Jengo ninalosimamia ni la ofisi, katikati ya Dar. Asubuhi moja kampuni ya ghorofa ya juu ilikuta kompyuta mpakato mbili hazipo. Kumbukumbu za mlango zikaonyesha kadi ya mhasibu wao imeingia usiku wa manane. Mhasibu yuko likizo Moshi, kwao. Mabosi wake hawakutaka kusikia: mfumo umesema ni wewe, kadi ni yako, jina ni lako. Yule mama alipigiwa simu akiwa msibani, akaambiwa arudi Dar aje kujieleza.

Tukaomba picha za kamera ya ngazi. Anayeingia ni kijana mwembamba mwenye kofia, si yeye hata kidogo. Baada ya kuulizana sana, ikajulikana kwamba mhasibu aliwahi kumpa kadi mfanyakazi wa muda akatoe kopi, ili asiwe anaazima kila akitumwa nje. Kijana alimaliza mkataba wake, akaondoka, kopi akabaki nayo. Hakuna aliyekumbuka kumdai, na hata angedaiwa, nani angejua kama alitoa moja au tatu?

Sasa fikirieni shida yangu. Kuifuta kopi ile peke yake siwezi. Kwenye mfumo ni namba moja, jina moja. Nikiifuta, na kadi ya mhasibu inakufa. Kadi niliyoisajili mimi ikipotea, naizima hiyo tu, wengine mnaendelea na maisha.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mtoa mada: usinunue kopi, nunua tagi mpya ya 125 yenye namba yake mwenyewe, dukani ni hela ndogo, kisha mwombe meneja aisajili kwa jina la dada wa kazi. Kusajili ni kuigusisha kwenye rida ya ofisini na kuandika jina. Huyo "mtu wa mfumo" anayesubiriwa, mara nyingi ni meneja hajui nywila ya programu.

Bint Nyali
Hapo kwa nywila nimecheka. Mimi nina fleti Mombasa ya kupangisha wageni wa siku chache. Nilikuwa natoa kopi za tagi ya geti, mgeni akiondoka na yake nasema haidhuru, ni vijisenti. Mpaka mgeni mmoja wa zamani akaonekana bwawani Jumapili na marafiki zake, wanaogelea kwa raha zao! Mlinzi anasema tagi yao imefungua, yeye angewazuia vipi. Sasa mlango wangu wa ndani nimeweka kitasa cha namba ninayoibadilisha kila mgeni akitoka, na geti la chini mgeni anafunguliwa na mlinzi.

Mswahili wa Deira
Dubai huku kadi zinatoka kwa majina yaliyo kwenye mkataba, na tunaoishi chumba kimoja tunazidi majina. Kopi ni jambo la kawaida, duka la funguo halikosekani. Adha yake ni siku jengo linapoamua kusajili upya wakazi wote. Orijino zinabadilishwa ofisini, sisi wenye kopi tunalala kwa jamaa mtaa wa pili.

Mbeba Maboksi, Toronto
Kwetu bodi ya jengo ilibadilisha rida zote zikawa za kadi zenye usimbaji, yaani zinazoficha taarifa zake kwa funguo za siri. Tagi yangu ya kopi ilikufa mchana mmoja pamoja na za nusu ya majirani. Kwenye lifti ndipo ulipojua nani alikuwa na kopi, maana sote tulikuwa tumesimama chini tukimsubiri mwenye orijino.

Mwanafunzi UDSM
Samahani wakuu, kama 13.56 zina funguo za siri, inakuwaje MIFARE Classic zinatoka?

Mtu wa Mitandao
Kwa sababu siri yake ilishavuja zamani. Chipu ilitoka 1994, ikitumia usimbaji uitwao Crypto1 ambao mtengenezaji aliufanya siri badala ya kuuweka wazi uchunguzwe. Mwisho wa 2007 watafiti wawili wa Kijerumani, Karsten Nohl na Henryk Plötz, walionyesha kwenye mkutano Berlin jinsi walivyoichambua chipu kwa hadubini. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, kikamalizia. NXP, kampuni inayotengeneza chipu hiyo, walikwenda mahakamani kuzuia utafiti usichapishwe, na Julai 2008 hakimu akawakatalia. Toka hapo ni suala la subira ya mashine tu. Kadi ziliendelea kuuzwa kwa sababu ni rahisi, na mwenye jengo haulizi.

Mama Upanga
Mrejesho. Nimenunua tagi mpya tatu, nikampelekea meneja. Kwanza akasema haiwezekani, nikamwambia aigusishe tu kwenye rida yake tuone. Ikaonyesha namba. Akakubali kusajili kwa elfu kumi kila moja, ila anataka barua ya mwenye nyumba yenye jina la kila anayepewa. Barua naifuata kesho. Halafu Fundi, rimoti ya geti la magari je, nayo unatoa?

Fundi Msimbazi
Inategemea, dada. Ile ya msimbo usiobadilika inatoka. Inayobadilisha msimbo kila ukibonyeza, kimashine changu hakiiwezi. Njoo nayo niione, na usiipige picha.